Radi, Kweli na Uongo: Kinga ya Shule Yako Inafika Mita Ngapi?

Msimu wa mvua ukiingia, alasiri za Kitale na Bungoma hufanana. Asubuhi jua huwaka, adhuhuri mawingu hujikusanya juu ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, na kufikia saa tisa au saa kumi ngurumo huanza. Chanzo chake kinajulikana. Hewa yenye unyevu wa Ziwa Victoria hupanda nchi kavu mchana, ikakutana na pepo za mashariki kwenye nyanda za juu, kisha ikasukumwa angani hadi ikawa mawingu marefu ya radi. Bungoma iko kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, Kitale kiasi cha mita 1,900, na miji yote miwili imekaa kwenye njia ya hewa hiyo.

Ndiyo maana katika mikutano ya wazazi, kamati za makanisa na bodi za shule, habari ya kuweka kinga ya radi, ile wengi huiita aresta, haikosekani. Watu hujadili bei, hujadili fundi, hujadili iwapo shaba itaibwa. Swali ambalo aghalabu haliulizwi ndilo lenye uzito kuliko yote: kinga hiyo inalinda eneo la mita ngapi? Jibu lake hupatikana kwa hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza. Tuyapime kwa hesabu hiyo madai yanayosikika sana kwetu.

1. "Radi humpiga aliyekusudiwa, kwa hiyo hesabu haisaidii."

UONGO.

Tarehe 28 Juni 2011, ng'ambo ya mpaka katika wilaya ya Kiryandongo, Uganda, radi iliipiga Shule ya Msingi ya Runyanya ikaua wanafunzi 18 na mwalimu wao. Msiba wa kiasi hicho hutafutiwa mkosaji, na katika vijiji vyetu mara nyingi lawama ya kuituma radi humwangukia jirani, mara nyingine mzee asiye na wa kumtetea. Lawama hiyo ni dhuluma, tena huacha madarasa mengine bila kinga vilevile.

Hesabu huanza na ukubwa wa jengo. Chukua jengo la madarasa lenye urefu wa mita 40, upana wa mita 8 na kimo cha mita 4.5 hadi mgongo wa paa. Kwa kanuni ya kimataifa ya IEC 62305, jengo hunasa radi ya eneo kubwa kuliko sakafu yake: kila upande huongezewa umbali wa mara tatu ya kimo, yaani mita 13.5 hapa. Jumlisha sakafu, pande zote nne na pembe zenye umbo la robo duara, upate takriban mita za mraba 2,190.

Kisha tunahitaji idadi ya radi zinazofika ardhini. Pasipo na vipimo vya mitambo, kuna makadirio ya jumla: gawanya siku za ngurumo za mwaka kwa 10, upate radi kwa kila kilomita ya mraba. Tukichukua mfano wa siku 100, tunapata radi 10. Jengo letu, likiwa peke yake mahali pa wazi, litapigwa mara 0.022 kwa mwaka, yaani mara moja katika miaka 46 hivi. Likiwa peke yake juu ya kilima, kiwango huongezeka maradufu, na miaka hushuka hadi 23.

Miaka 46 inaonekana mingi. Lakini majengo 500 ya namna hiyo yakitawanyika katika kaunti, takriban 11 yatapigwa kila mwaka. Hii ndiyo sababu kila mtu wa magharibi mwa Kenya anajua shule, boma au kanisa lililopigwa, na hakuna aliyehitaji kutuma radi hiyo.

2. "Mnara wa simu au mkaratusi mrefu ulio karibu unatukinga."

UONGO, isipokuwa kwa hatua chache.

Radi hushuka kutoka mawinguni kwa vipande, kila kipande makumi ya mita, bila kujua iko juu ya Kanduyi au juu ya Kiminini. Inapokaribia ardhi tu ndipo "huchagua" kitu cha kupiga: kitu cha kwanza kilicho ndani ya umbali fulani kutoka kwenye ncha yake. Umbali huo ndio msingi wa hesabu nzima. Katika miaka ya 1960, Tibor Horváth wa Hungaria aliutumia kwa njia rahisi ambayo bado ndiyo inayotegemewa: fikiria tufe kubwa ambalo nusu kipenyo chake ni umbali huo, liviringishe ardhini na juu ya majengo kutoka kila upande. Popote linapogusa, radi inaweza kupiga. Panapobaki pengo chini yake ndipo penye ulinzi.

Kwa jengo la kawaida nusu kipenyo kinachotumika mara nyingi ni mita 45. Sasa chukua mnara wa simu wa mita 50. Kwa kuwa ni mrefu kuliko nusu kipenyo, tufe linaegemea ubavu wake na kugusa ardhi mita 45 kutoka kwenye mguu wake. Mita moja zaidi ya mnara haiongezi chochote. Na kwa kuwa upenu wa darasa uko juu ya ardhi, tuseme mita 3, eneo lililolindwa kwa kimo hicho hupungua hadi mita 28.8. Mnara ulio mita 100 kutoka darasani hauna msaada wowote kwa watoto waliomo.

Mti ni hatari zaidi, kwa kuwa mbao haipitishi umeme vizuri. Radi ikiupiga mkaratusi, umeme hutafuta njia bora, na mara nyingi huruka ubavuni hadi kwenye ukuta, ng'ombe au mtu aliyesimama chini yake. Mikaratusi iliyopandwa kandokando ya madarasa ina faida zake, lakini kinga ya radi haimo miongoni mwa faida hizo.

3. "Eneo la ulinzi ni koni: teremsha mstari wa digrii 45 kutoka nchani."

KWELI KWA FITO FUPI, UONGO KWA NDEFU.

Mafundi wengi walifundishwa hivi, na kwa ufito mfupi hawakosei sana. Ufito wa mita 10 kwa pembe ya digrii 45 hulinda mita 7 kwa kimo cha upenu wa mita 3. Kwa tufe la mita 20, ambalo ni kali kuliko yote yanayotumika, kama tutakavyoona, jibu ni mita 6.8. Tofauti ni ndogo.

Panda sasa hadi mlingoti wa mita 40. Koni inaahidi mita 37. Tufe la mita 45 linatoa mita 28.6, na lile la mita 20 linatoa mita 9.5 tu. Kadiri mlingoti unavyorefuka ndivyo koni inavyoahidi eneo ambalo halipo. Kanuni ya sasa bado inaruhusu pembe, lakini pembe hiyo hubadilika kwa kimo. Kwa ulinzi wa daraja la juu kabisa, ni digrii 70 hivi kwa ufito wa mita 2, na hushuka hadi digrii 23 hivi kwa mita 20. Fundi anayetumia 45 kwa kila kitu hajafanya hesabu.

4. "Kinga inayozuia radi kubwa haiwezi kushindwa na ndogo."

UONGO, na hapa ndipo hesabu inapowashangaza wengi.

Radi yenye mkondo mkubwa huchagua pa kupiga ikiwa mbali, kwa hiyo hunaswa mapema na ufito ulio juu. Radi dhaifu hukaribia sana kabla ya kuchagua, nayo yaweza kupenya kati ya fito mbili ikapiga mabati. Uhusiano huo una fomula: nusu kipenyo cha tufe ni 10 mara mkondo, kwa maelfu ya ampea, uliopandishwa kwa kipeo cha 0.65. Mkondo wa ampea 10,000 hutoa mita 45 hivi. Mkondo wa ampea 3,000 hutoa mita 20.

Kutokana na hayo kanuni imeweka madaraja manne. Daraja la I lina tufe la mita 20 na linakusudia kunasa asilimia 99 ya radi. La II ni mita 30 na asilimia 97, la III mita 45 na asilimia 91, la IV mita 60 na asilimia 84. Hakuna daraja la asilimia 100. Anayekuuzia kinga "isiyokosea" anakuuzia kitu ambacho kanuni yenyewe haikijui.

Turudi kwenye jengo letu la mita 40 kwa 8. Weka fito nne za mita 1 kwenye mgongo wa paa, moja kila mwisho na mbili katikati, zikiachana mita 13.3. Tufe la mita 45 likikaa juu ya fito mbili, huzama kati yake kwa sentimita 50. Fito zina sentimita 100, kwa hiyo linabaki nusu mita juu ya paa. Ubavuni, kila ufito unalinda mita 5.4 kwa kimo cha upenu, na hata katikati ya fito mbili inabaki kama mita 4.4. Nusu ya upana wa jengo ni mita 4. Jengo limelindwa kwa daraja la III.

Tumia tufe la mita 20 kwa fito zilezile. Sasa linazama sentimita 114, linaugusa mgongo wa paa, na ubavuni ulinzi ni mita 3.2, pungufu ya zile 4. Fito ni zilezile, paa ni lilelile, ila kwa daraja la I jengo halijalindwa. Kwa hiyo neno "limelindwa" pasipo kutaja daraja halina maana.

5. "Kichwa cha kisasa kimoja kinalinda uwanja mzima wa shule."

HAKIJATHIBITISHWA. Usikubali kukilipia kwa ahadi hiyo.

Kuna vichwa vya kinga vinavyouzwa kwa madai kwamba huanza kuipokea radi mapema kuliko ufito wa kawaida, kwa tofauti ya mikrosekunde kadhaa, yaani sehemu za milioni za sekunde. Kiwango cha Ufaransa, NF C 17-102, hugeuza muda huo kuwa mita za ziada. Kichwa kilichopewa mikrosekunde 60, kikiwa mita 5 juu ya eneo linalolindwa, huhesabiwa kulinda nusu kipenyo cha mita 79 kwa daraja la I na mita 107 kwa tufe la mita 60. Ufito wa kawaida wa kimo hichohicho hupewa mita 13 na mita 24.

Mtu akiona tofauti hiyo kwenye karatasi ya bei atavutiwa, kwani kichwa kimoja kitaonekana nafuu kuliko fito ishirini. Lakini IEC 62305 haikubali mita hizo za ziada. Charles Moore na wenzake walisimamisha fito za aina mbalimbali mlimani huko New Mexico, Marekani, kwa misimu saba ya radi, wakachapisha matokeo mwaka 2000. Zilizopigwa ni fito butu za kawaida. Vichwa vya kisasa havikupigwa, wala fito zenye ncha kali hazikupigwa. Nchini Malaysia, ambako ngurumo ni nyingi kama kwetu, mhandisi Hartono Zainal Abidin amekusanya picha za majengo yaliyopigwa pembeni, ndani kabisa ya eneo ambalo vichwa hivyo viliahidi kulinda.

Kichwa cha namna hiyo kikifungwa vizuri, kwa waya na athi nzuri, yaani kiungo cha kupeleka umeme ardhini, kitafanya kazi kama ufito wa kawaida. Basi kihesabiwe mita za ufito wa kawaida. Darasa lililo mita 60 kutoka hapo lina watoto wasio na kinga, ingawa cheti kilichobandikwa ofisini kinasema wanayo.

6. "Mabati huvuta radi, nyumba ya nyasi ni salama."

UONGO.

Katika hesabu ya kwanza tulitumia urefu, upana, kimo na mahali jengo lilipo. Aina ya paa haikuingia. Nyasi hazipunguzi uwezekano wa kupigwa, ila huongeza moto. Agosti 2020, mjini Arua, Uganda, watoto 10 waliokuwa wakicheza mpira walikimbilia kibandani mvua ilipoanza, radi ikawapiga humo, wakafa. Kibanda kisicho na njia ya kupeleka umeme ardhini humfanya aliyemo kuwa njia.

Mabati nayo yasisifiwe kupita kiasi. Kanuni inaruhusu paa la chuma litumike kama sehemu ya kunasia radi likiwa na unene wa angalau nusu milimita, vipande vyake viwe vimeungana vizuri, na pasiwe na kitu cha kushika moto chini yake. Mabati ya geji 30, yaliyojaa madukani kwetu, ni membamba kuliko hapo. Radi inaweza kuyatoboa. Yanahitaji fito juu yake na waya wa kushuka.

7. "Waya mmoja wa kushuka unatosha."

UONGO.

Umeme wa radi hugawanyika kwa kila njia uliyopewa, na njia zikiwa nyingi, kila moja hubeba kidogo. Jengo huhitaji angalau waya mbili za kushuka. Kwa daraja la III huwekwa moja kila mita 15 hivi kuzunguka jengo, na jengo letu lenye mzingo wa mita 96 litahitaji sita au saba. Kila waya uwe na eneo la mkato la milimita za mraba 50, na chini kuwe na athi ambayo upinzani wake unapendekezwa usizidi omu 10.

Hofu ya wizi wa shaba ni ya kweli, lakini isiwe sababu ya kukaa bila kinga. Alumini na chuma kilichopakwa zinki hukubaliwa juu ya ardhi. Sharti moja tu: alumini isizikwe udongoni, kwa sababu huliwa.

8. "Jengo likilindwa, kompyuta nazo zimelindwa."

UONGO.

Hapa kanuni huigawa shule kwa kanda. Kanda 0A ni nje ya tufe, ambako radi hupiga moja kwa moja. Kanda 0B ni chini ya tufe: hapigwi mtu moja kwa moja, lakini nguvu za umeme zilizo hewani ni zilezile. Kanda 1 ni ndani ya jengo ambalo nyaya zote zinazoingia zimefungwa vifaa vya kukata mawimbi ya umeme pale zinapoingia. Kanda 2 ni chumba cha ndani zaidi, chenye kinga ya pili.

Fito za paani hukutoa 0A hadi 0B, basi. Radi inayopiga nguzo ya stima mbali na shule husafiri na waya hadi kwenye soketi ya chumba cha kompyuta, na ufito wa paani hauwezi kuisimamisha. Mpaka wa kanda 1 hujengwa kwenye mita ya stima.

9. "Nikiwa ndani ya eneo lililolindwa, hata verandani niko salama."

UONGO.

Tufe linaeleza radi itagusa wapi. Halielezi umeme utakwenda wapi ukishafika ardhini. Karibu na waya wa kushuka ardhi yenyewe hubeba nguvu, na miguu miwili iliyotengana inaweza kupitisha umeme mwilini. Kanuni huhesabu mita 3 kuzunguka kila waya wa kushuka kuwa mahali pa hatari. Madarasa yetu yana veranda, na mvua ikinyesha watoto husimama humo wakiegemea nguzo. Waya zipitishwe nyuma ya jengo kadiri inavyowezekana, na zile za mbele zizungushiwe uzio. Ngurumo ikisikika, watoto waingie ndani na wasiguse kuta zenye waya.

10. "Mtu asiye mhandisi anaweza kuikagua hesabu hii."

KWELI.

Chora jengo kwa kipimo cha sentimita 1 kwa mita 3: mara moja ukilitazama kwa mbele, mara moja kwa ubavu. Chora na fito kwa kimo chake halisi. Kata kadibodi ya duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 15, ambayo ndiyo tufe lako la mita 45, uiviringishe juu ya mchoro kutoka kila upande. Ikigusa paa, upenu, tangi la maji au antena, umeona mahali pasipolindwa. Ukitaka namba kamili, na kimo cha ufito hakizidi nusu kipenyo cha tufe, tumia hesabu hii: zidisha kimo cha ufito kwa tofauti ya kipenyo cha tufe na kimo hicho, tafuta kipeuo cha pili, kisha toa jibu la hesabu hiyohiyo iliyofanywa kwa kimo cha upenu. Kinachobaki ni mita zako.

Mhandisi anahitajika kusanifu, kupima athi na kutia sahihi. Lakini mzazi, mwalimu mkuu na mwanakamati wana haki ya kuona mita kabla hela haijatoka. Kwa hiyo, fundi anapoleta bei, mwombe maandishi ya mambo manne: daraja la ulinzi alilotumia, mahali na kimo cha kila ufito kwenye mchoro, umbali unaolindwa kwa kimo cha upenu, na omu za athi zilizopimwa baada ya kazi, zipimwe tena kila mwaka. Akikupa yote manne, unaweza kumkagua kwa kadibodi jioni hiyohiyo. Asipoweza kukupa, hajajua anachokuuzia, na watoto wa Kitale na Bungoma hawafai kukaa chini ya paa ambalo hakuna mtu aliyelipigia hesabu.